Pua Yangu na Pipa la Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Novemba 2021

Wiki ya sita ya ndoa. Nina mume mzuri kuliko wote katika bonde zima la Valdres, na pua isiyofanya kazi. Korona ilitupiga siku tisa baada ya harusi. Sindre wangu alikohoa siku mbili, akapona, akarudi msituni kukata miti. Mimi nikabaki sinusi kitu. Na kichwani ukungu mtupu. Jana niliweka simu ndani ya friji, kisha nikamlaumu paka. Hasira!

Leo kwa daktari, mjini Fagernes. Kasema pua yenyewe haina kidonda. Virusi vimeziharibu seli zinazoitunza mishipa ya kunusa kule juu, ubongo ukawa haupati habari, au unapata za uongo. Ukungu nao unatoka ubongoni, wataalamu bado wanachunguza sababu. Dawa? Ninuse waridi, ndimu, karafuu na mkaratusi, asubuhi na jioni, ubongo ujifunze upya kama mtoto wa chekechea. Kwa miezi kadhaa!

Sina miezi. Nina siku tano. Jumamosi linafunguliwa pipa la rakfisk, samaki wa kuvundika, ambao wamekaa kwenye chumvi stoo ya chini tangu Agosti. Katika nyumba hii pipa la kwanza hunuswa na mke mpya. Akisema wameiva, watu wanakula, naye anakabidhiwa ufunguo wa stoo. Hapo ndipo anakuwa mwenye nyumba, si mgeni tena. Kwa miaka saba hapakuwa na mke mpya, kwa hiyo ufunguo anao wifi yangu Åshild. Anautembeza kidoleni kama pete.

Mwezi uliopita mama mkwe aliniuliza kama pua imerudi. Wifi alikuwa nyuma yake, ufunguo unalia cheng cheng. Nikasema imerudi yote.

Ningesemaje?

Jumanne, 2 Novemba

Mpango! Nitafanya mazoezi palepale kwenye pipa, ubongo umzoee mwalimu wake. Nikaomba ufunguo eti nachukua viazi. Nikashuka na vichupa vyangu vinne na hita ndogo, maana stoo ina baridi ya kaburi. Nikanusa ndimu. Hewa. Nikanusa pipa. Hewa.

Nilipopanda, wifi akaniuliza viazi viko wapi. Nilikuwa nimevisahau. Akasema watu wa Drammen, mji nilikotoka, kumbe huteremka stoo kupunga upepo. Mama mkwe akacheka! Nikacheka na mimi, nikiuma meno kwa hasira.

Sindre kaniletea matawi ya mreteni kutoka msituni kwa sababu nilisema napenda harufu yake. Machozi yalinitoka. Mume gani mwingine anabeba matawi kilomita nne? Nikayanusa kwa madaha, nikasema aaah. Sikusikia chochote.

Jumatano, 3 Novemba

Imerudi! Imerudi vibaya!

Asubuhi nimeinama juu ya kahawa, nikapata harufu kwa mara ya kwanza tangu mwanzo wa Oktoba. Ya tairi lililoungua. Nikamwaga birika zima. Wifi akauliza kahawa ya watu imekosa nini. Kisha Sindre akaja kunikumbatia, shingo ile ninayoipenda, shingo iliyonifanya nihame mji.

Tairi.

Nikamsukuma! Mume wangu! Akabaki na mikono hewani kama mtu aliyenyang'anywa mtoto. Akauliza amenikosea nini. Nikasema nina haraka. Nilikuwa nimevaa nguo ya kulalia, haraka ya kwenda wapi?

Nimempigia daktari. Kasema hutokea sana, mishipa inapoota upya ubongo huchanganya mafaili, na kwamba ni dalili njema. Njema kwake! Hakuoa mtu anayenuka tairi.

Alhamisi, 4 Novemba

Balaa. Leo nimekumbuka hita.

Nimeomba ufunguo tena eti viazi, nimekimbilia stoo. Ilikuwa inawaka tangu juzi, kando kabisa ya pipa. Stoo inayotakiwa kuwa na baridi ya friji ilikuwa na joto la sebuleni. Nimezima, nimefungua kidirisha, nimepepea kwa aproni. Pipa limenyamaza, na mimi nimenyamaza.

Jioni mama mkwe alikuwa anakatakata vitunguu, akawa anasimulia. Kasema samaki huyu akinuka ameiva, akinuka zaidi anaua, na kati ya hapo na pale pana unywele mmoja tu, ndiyo maana wanahitaji pua. Akanipapasa shavu. Kasema anafurahi kwamba safari hii pua ni yangu.

Sikula.

Ijumaa, 5 Novemba

Nimepata njia, na ni salama. Kesho nitainama, nitanusa, nitatikisa kichwa polepole kama fundi, nitasema bado wiki tatu. Hakuna atakayekula, hakuna atakayekufa. Katika wiki tatu nitatafuta namna ya kulimwaga pipa kwa bahati mbaya. Nimejiandikia kiganjani BADO nisije nikasahau.

Sindre kaoga mara mbili leo. Kanunua sabuni mpya. Hata sabuni inanuka tairi, lakini nimemwambia ni nzuri mno, mpenzi, mno. Akaniuliza kama najutia kuolewa huku bondeni. Nikakasirika! Nikamwambia aache upuuzi, nampenda kuliko uhai. Nilisema hivyo nikiwa ng'ambo ya chumba.

Jumamosi, 6 Novemba

Meza tayari: mkate mwembamba, krimu chachu, vitunguu, bia. Mama mkwe akaondoa jiwe juu ya pipa, akafunua kifuniko. Wifi Åshild akarudi nyuma hatua mbili. Ningepaswa kuliona hilo! Lakini mimi nilikuwa na mpango. Nikainama. Harufu ya tairi, basi. Nikatikisa kichwa polepole. Nikafungua mdomo niseme bado.

Wifi akanitangulia.

“Haya, semeni mlidhani nini? Pua ya mjini hiyo. Inajua manukato tu. Mama, niachie mimi, mgeni akapumzike.”

Mgeni! Mbele ya mume wangu!

Nikasikia sauti yangu ikisema wameiva. Wameiva mno! Watamu kuliko miaka yote saba ya Åshild!

Mama mkwe amekunja uso. Wifi ameziba pua kwa kiganja, ananitazama kama kichaa. Na Sindre wangu, Sindre mwenye pua nzima kabisa, macho yanamtoka machozi kwa uvundo ule, akasema mke wangu akisema wameiva, basi wameiva. Akachukua kipande. Akakipeleka mdomoni.

“Usile!” Nilipiga kelele mpaka paka akaruka. Mama mkwe alikuwa ameshampiga mkono, kipande kikaruka ukutani.

Nikasema yote. Pua, hita, viazi, tairi. Mama mkwe akakaa kitini. Kasema ugonjwa wa ubongo haumwaibishi mtu, angenipa mwaka mzima nipone na ufunguo wangu ungenisubiri. Lakini nilikaribia kumlisha mwanawe kifo kwa sababu ya kiburi, na hilo halina virusi. Ufunguo umebaki kwa wifi.

Sindre kasikia habari ya tairi akacheka mpaka akakaa chini. Tangu Jumatano alidhani simtaki! Kasema atanuka tairi mpaka uzeeni nikitaka, ila nisimfiche tena. Nimeapa. Nimembusu nikiwa nimebana pua. Hakuna mume kama huyu duniani.

Jumapili, 7 Novemba

Leo baada ya kanisa wifi kajifanya mwema. Kasema siku ya kwanza ya Majilio ataniwekea vikombe vitatu vilivyofunikwa: kahawa, siki, iliki. Nikivitambua kwa pua, atanikabidhi ufunguo mwenyewe. Kanikonyeza. Anajua nitashindwa. Mjinga huyo!

Sitashindwa. Vikombe hivyo navioshaga mimi, na wifi ameshaonyesha kipi atatia nini. Nimeshavikwaruza chini kwa msumari, mkwaruzo mmoja, miwili, mitatu. Sindre hana haja ya kujua, atafurahi zaidi akishtukizwa.

Mkwaruzo mmoja ni kahawa. Au siki. Mitatu ni iliki, hiyo nina hakika, isipokuwa kama ni kahawa.

Nitakumbuka.