Mabati ya Wakati wa Wabelgiji

Achille aliliona paa la Mama Pudentienne siku ya upepo, na papo hapo akampenda mama huyo kuliko shangazi zake wote.

Ilikuwa mtaa wa Kimanga, mjini Uvira, mvua za kwanza zikikaribia. Joto lilikuwa limewabana watu tangu asubuhi, sasa upepo wa ziwa ulikuwa unatikisa mabati ya mtaa mzima. Karibu kila paa lilibeba mawe, matairi ya zamani na mifuko ya mchanga, maana Uvira paa lisilo na mzigo huweza kuhamia kwa jirani bila kuaga. Paa la Mama Pudentienne halikuwa na jiwe hata moja. Halikulia wala kutikisika. Lilikaa juu pale, jeusi na zito, kama askofu katika misa ndefu.

"Yale ni ya wakati wa Wabelgiji," Achille alijiambia.

Uvira maneno hayo hufunga mjadala. Daraja likidumu, ni la wakati wa Wabelgiji. Kufuli likikataa kumfungulia hata mwenyewe, nalo ni la wakati wa Wabelgiji. Hakuna anayeomba ushahidi.

Achille alihitaji mabati mazito kuliko alivyohitaji chakula. Mchumba wake, Divine, alikuwa binti wa Nsengiyumva, mkulima wa mpunga kutoka Sange. Mzee huyo hakusumbua watu kwa mahari kubwa. Alitaka jambo moja: aketi kwenye kiti ndani ya nyumba ya kijana, mvua ikinyesha, na atoke mkavu.

"Na bati jembamba sitaki," alikuwa amesema. "Linaruka na upepo. Binti yangu hataolewa na mutu wa kukimbiza bati barabarani."

Kuta za Achille, mtaa huohuo, zilikuwa tayari, za matofali mabichi, na juu yake palikuwa na mbingu tu. Alikuwa ametoa pikipiki yake akapewa mabati mapya, yenye kung'aa, membamba sana. Ukiyabonyeza kwa kidole, yalikikumbuka kidole. Kuta zisipofunikwa kabla ya mvua zingerudi kuwa udongo, na Divine angerudi kuwa binti wa watu.

Kesho yake Achille alivaa kofia ngumu ya watengeneza barabara, akachomeka penseli sikioni, akabisha kwa Mama Pudentienne. Mama huyo alikuwa mjane, muuza mawese, mwenye sauti ya polepole.

"Mama, minye niko fundi wa mabati. Nilikuwa napita tu, lakini roho yangu ilikataa."

"Roho yako, ao tumbo yako?"

"Mama, nyumba yako iko mugonjwa."

Ni haki kusema hapa kwamba Achille hakuwahi kupanda juu ya paa lolote. Maneno ya ufundi aliyasikia sokoni Sange, siku fundi mmoja alipogombana na mteja, akayahifadhi kama mtu anavyohifadhi mwavuli wa mwingine.

"Muchana joto inanyoosha bati," alianza, akinyoosha mikono. "Mvua ikinyesha linajikunja. Kila siku ni vile. Musumari unachoka, unainua kichwa. Ukiona kichwa juu, jua tundu limeshapanuka. Na plafoni yako, dari ya ndani, haina madoa, kama mutu alimwanga chai?"

"Plafoni iko mupya. Niliiweka juzi."

"Mama! Ni kuvalisha mugonjwa shati mupya!"

Mama Pudentienne alikohoa kidogo.

"Na mbao," Achille aliendelea. "Ukizigonga zinatoa unga, mchwa bamekula. Na muchana ukizima taa, unaona nyota ndani ya nyumba."

"Nyota muchana?"

"Ni matundu, mama."

Hakuna alichokiona kati ya hayo yote. Alisema kila kitu kwa uso wa mtu anayetoa rambirambi. Kisha akatoa dawa: yeye, kwa huruma tu, angemwekea mabati mapya yanayong'aa, na kwa malipo angechukua yale mazee, "nikayatupe mbali, yasiambukize mutaa."

"Haiwezekani," alisema Mama Pudentienne, akishika kifua. "Yale ni ya marehemu bwana yangu. Ni ya wakati ya Babeleji."

Achille alishusha kofia ili mama asione furaha yake.

"Ndiyo maana, mama. Yamezeeka."

"Marehemu atasema nini?"

"Marehemu hanyeshewi, mama. Weye ndiye unanyeshewa."

Walivutana mpaka jua likasogea. Mwishowe mama alikubali, macho yakiwa na machozi, kwa sharti moja: yeye mwenyewe angesimama chini kuangalia kazi, na bati la zamani lisingetoka uani kabla hajaridhika na lile jipya.

Aliridhika kwa shida sana. Achille alipopiga msumari wa kwanza alimwambia autoe.

"Unapiga mu shimo ya bati? Piga juu ya mugongo, maji isipite. Na mupira iko wapi?"

Ikabidi Achille akate mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, vipande vidogo vya duara, aweke kimoja chini ya kila kichwa cha msumari. Ikabidi abadilishe mbao zilizotoa unga. Zilitoa unga kweli, jambo lililomshangaza kuliko mtu yeyote. Ikabidi afunge kingo kwa waya, mahali upepo wa ziwa huingiza vidole. Jua lilimpika mgongo.

Chini ya mabati ya zamani alikuta kitu cheusi, kinene, kilichopakwa kila upande.

"Hii ni nini, mama?"

"Dawa ya Babeleji," alisema Mama Pudentienne kwa heshima.

Achille aliipapasa kama mtu anayegusa msalaba. Mabati yalikuwa mazito hata mkokoteni ulilalamika. Aliyapigilia juu ya kuta zake haraka haraka, misumari michache, bila mpira. Kwa nini mpira? Mabati ya namna ile hayahitaji kubembelezwa.

Jumamosi mzee Nsengiyumva alifika kutoka Sange, shati jeupe, Divine nyuma yake. Jua lilikuwa kali, na mawingu yalikuwa yanapanda juu ya ziwa. Mzee aliketi katikati ya chumba. Aligonga ukuta, akatazama juu, akaridhika na weusi.

"Ya wakati gani?"

"Ya Babeleji, papa."

"Aa," alisema mzee, akamkonyeza binti yake.

Tone la kwanza lilianguka kabla ya mvua. Lilikuwa jeusi. Lilimpata mzee begani na kubaki hapo, kwa maana lami haitoki kwenye shati. Joto lilikuwa limeiyeyusha, na kila tundu ambalo Mama Pudentienne aliliziba nayo kwa miaka mingi likafunguka polepole, moja baada ya jingine. Nyota zilionekana mchana. Kisha mvua ikaja, na upepo, na bati moja likainuka, likaondoka bila haraka kuelekea ziwani.

"Ulikimbize, basi," Divine alimwambia Achille.

Wote watatu walikimbilia baraza la karibu, ambalo lilikuwa la Mama Pudentienne. Aliwakaribisha ndani, akawapa viti. Mvua ilipiga, upepo ulivuta, na mzee alikaa akisikiliza juu. Paa halikuvuja hata tone. Halikulia.

"Ni jembamba," alisema mwishowe, "lakini haliruki. Nani alilipiga?"

"Huyu mutoto hapa," alisema Mama Pudentienne. "Mukono yake iko ya muzuri, ukisimama karibu."

Achille alitazama sakafu. Mabati yale yalikuwa pikipiki yake.

Mzee alijikagua shati. Alisema ameketi kwenye kiti, mvua imenyesha, na sehemu iliyokuwa bado kavu imebaki kavu. Divine angeweza kuishi chini ya paa kama hili.

"Vyumba viwili viko wazi," alisema Mama Pudentienne polepole. "Mimi napangisha."

Baada ya harusi Achille alihamia. Hulipa kodi mapema, kwa sababu mwenye nyumba hubisha hodi mapema zaidi. Kila mvua zinapokaribia, mpangaji huyo hupanda juu na nyundo kukagua msumari mmoja mmoja, na Divine husimama chini, mikono kiunoni, akimwonyesha ule aliouruka.