Tuhame Wote, Kiti Kibaki

Jumatatu, 3 Machi
Nisamehe, daftari. Tangu Januari sijakugusa. Bosi (miezi tisa, meno mawili, huruma hana) alikukalia nikadhani umepotea. Na nilipokuona, nilikuwa nasinzia.

Bado mimi ni katibu wa Kikundi cha Tuhame. Tunajitolea watatu: mimi, Fundi, na mzee mstaafu wa posta anayefuata feni ya chumbani tu. Tunahimiza watu wahamie anwani mpya za mtandao. Kila kompyuta inahitaji anwani kama nyumba inavyohitaji namba. Za zamani zimekwisha, mpya ni tele, hata vijiko vyangu vingepata. Dada yangu mkubwa, aliye makao makuu ya Tuhame, ndiye aliyeniingiza. Alisema ni kwa faida ya dunia. Mimi nilichosikia ni kwamba tunakutana chumba cha nyuma cha maktaba, Jumanne na Ijumaa, na mama mkwe anabaki na Bosi. Saa mbili nzima kwenye kiti, hakuna wa kunivuta sikio! Dunia nayo ifaidike, sikatai.

Leo balaa. Mkutubi Mkuu kasema Mwalimu wa Kwaya anakitaka chumba. Kama hadi Ijumaa hatujamwonyesha kwamba kompyuta za maktaba zimehamia anwani mpya, tufungashe virago. Nikamjibu kazi ilikwisha kitambo.

Haijaanza.

Jumanne, 4 Machi
Fundi nusura alie. Kaahidi kumaliza kesho. Kazi ngumu, maana ukumbini vijana wanacheza kwenye kompyuta mchezo wa matikiti yanayopasuka, na kila tikiti likipasuka wanashangilia. Mkutubi kachoka kuwakemea.

Nikakutana na Mwalimu wa Kwaya kwenye ngazi. Akaniuliza, eti mama Bosi, hizo anwani zenu zinaimbika? Nikamwambia hata nyimbo zake haziimbiki na bado anang'ang'ania. Nimefurahi hadi jioni.

Jumatano, 5 Machi
Fundi kamaliza! Ila anasema ya zamani tuiache ifanye kazi sambamba na mpya, ndivyo inavyofanyika kote, hadi kila ukurasa uhame. Nikamuuliza Fundi, sasa Mkutubi ataona nini? Kasema uzuri wa kazi hii ni kwamba hakuna atakayeona kitu.

Fundi hodari. Kuuza hajui.

Alhamisi, 6 Machi
Nina mpango. Kesho nawahi, nazima anwani ya zamani kwenye kompyuta zote kumi na moja. Kurasa zikifunguka bila ya zamani, Mkutubi ataona kwa macho yake tumehama. Mtu akihama, anahama na kitanda! Fundi sijamwambia. Asiyejua hana presha.

Ijumaa, 7 Machi


Mama mkwe kaamka kiuno kinamuuma, kwa hiyo nikaenda na Bosi mgongoni. Nikazima zote. Saa nne akaingia Mkutubi, nyuma yake Mwalimu wa Kwaya na futi ya kupimia chumba. Futi!

Nikafungua ukurasa wa hali ya hewa. Ukaja. Kamusi. Ikaja. Kichwa kikanivimba. Mkutubi akasema haya, tuone basi ukurasa wa kikundi chenyewe.

Nikabofya. Weupe. Nikabofya tena. Fundi akaninong'oneza, jasho likimtiririka, kwamba ukurasa wetu bado uko anwani ya zamani. Sisi! Tuhame hatujahama! Kweli mganga hajigangi. Mwalimu wa Kwaya akacheka kwa sauti zote nne.

Nikaona kiti changu kinaondoka. Nikafungua mdomo niungame. Mkutubi akanyoosha mkono, tunyamaze. Akatega sikio. Akauliza mbona ukumbini kimya.

Kumbe matikiti nayo yalikuwa anwani ya zamani! Mchezo umekufa. Vijana wawili walikuwa wameshika vitabu, mmoja kakigeuza juu chini, lakini kakishika. Mkutubi kautafuta ukimya huo miaka sita. Akauliza nani kafanya haya. Nikainamisha macho, nikasema ni kikundi.

Chumba ni chetu mwaka mzima! Kwaya, kasema, ni makelele. Nikaketi kwenye kiti changu, nikalia kidogo. Bosi akanivuta sikio. Leo nikamwachia.

Jumamosi, 8 Machi
Fundi kaja nyumbani kunisema. Anwani ya zamani iwashwe, ukurasa wetu uhame kwanza, na nisizime tena cha mtu bila kuuliza. Nimemwelewa kabisa.

Jumatatu naanza na ofisi ya maji. Wana kompyuta ishirini, na viti vyenye mito. Ukurasa wetu hauna haraka. Ya haraka nimemwandikia Dada ayatume: vibandiko vya TUHAME, arobaini, kebo, mita kumi na tano, nepi namba tatu, paketi mbili, fulana ya ukatibu, kubwa, hii inanibana kifuani, na maelekezo ya kuzima anwani ya zamani kwenye kompyuta ishirini kwa mpigo mmoja.