Kumwua Mwalimu Mwaka Hamsini na Tano

Habari yenyewe aliileta Redio, asubuhi, kabla mashine ya kahawa ya dukani kwake haijapata moto. Jina alilobatizwa ni Veska, lakini hapa kijijini Gorna Slivka ukiita Veska hageuki mtu. Alitoka mlangoni na simu mkononi, akasimama mbele ya benchi la wazee kama waziri anayezindua daraja.

"Nyie, sikilizeni! Maktaba ya mkoa imeweka vitabu vyake vyote mtandaoni. Elfu arobaini! Wameandika hivi: urithi wa babu zetu sasa uko wazi kwa kila mtu, popote, wakati wowote."

"Uongo," alisema Trekta, ambaye aliendesha trekta la ushirika miaka thelathini na bado anaongea kana kwamba injini inanguruma. "Serikali haijawahi kufungua kitu wakati wowote. Hata choo cha stendi kinafungwa saa kumi."

"Wewe kitabu umekijulia wapi?" Redio alimjibu. " Cha mwisho ulichoshika kilikuwa cha leseni."

"Na nilikimaliza!"

Nedelya, anayeitwa Kengele kwa sababu ya sauti yake, hakucheka. Alikuwa na miaka themanini kasoro miezi, na vikombe viwili vya kahawa tumboni, na neno "urithi" lilikuwa limempiga kifuani. Jumamosi ilikuwa siku ya tamasha la kijiji. Alikwisha kumwahidi mwenyekiti kwamba ataimba wimbo wa mama yake, ule wa mlima na kitana, beti zote tisa. Tatizo ni kwamba alikuwa na beti mbili na nusu. Nyingine zilimtoka moja moja, jinsi meno yanavyomtoka mtu, na mtu mwingine wa kumkumbusha hakubaki. Lakini wimbo huo uliandikwa. Mwalimu Anastas Karashterev alipita nyumba kwa nyumba na daftari, mwaka hamsini na mbili, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha nyimbo za bonde hili.

"Redio," alisema, "nitafutie Karashterev."

Redio akaandika. Simu ikamuuliza kama yeye ni roboti. Ikamtaka achague picha zote zenye taa za barabarani.

"Taa za barabarani!" Trekta akapiga paja. "Kijiji hiki chote ni roboti basi. Hakuna aliyewahi kuziona."

Baada ya roboti kutulizwa, jalada likatokea. La kijani, lenye ua. Nedelya alilifahamu, akasogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Redio akabonyeza ukurasa wa kwanza. Ukatokea mstatili wa kijivu, na maneno.

"Hadhi ya hakimiliki ya kazi hii haijathibitishwa," Redio alisoma. "Tarehe ya kifo cha mwandishi haijulikani. Yaliyomo hayaonyeshwi."

"Ndiyo nini hiyo?"

Hapo Paragrafu akakohoa. Alikuwa karani wa mahakama ya wilaya hadi alipostaafu, na miwani yake ilining'inia kwenye uzi kama cheo. Alikuwa akiisubiri siku kama hii tangu astaafu.

"Ni rahisi, mama. Mwandishi ana haki juu ya kazi yake maisha yake yote, na warithi wake wana haki miaka sabini baada ya yeye kufa. Ikiisha sabini, kitabu ni cha watu wote. Sasa maktaba haijui alikufa lini. Haijui warithi wako wapi. Basi imefunga, isije ikashtakiwa."

"Ishtakiwe na nani, kama hajulikani?"

"Na huyo asiyejulikana. Ndiye hatari kuliko wote."

"Lakini wimbo ni wa mama yangu!"

"Wimbo ni wa jadi, hauna mwenyewe. Uimbe hata leo, hakuna wa kukugusa. Kitabu ndicho chenye mwenyewe."

"Nitauimbaje na maneno yako ndani ya kitabu?"

"Hilo," Paragrafu alisema huku akivaa miwani, "sheria haijalizungumzia."

Trekta akauliza kwa nini Nedelya asiende mjini akasome kile cha karatasi. Nedelya alikwisha kupiga simu maktaba mwezi wa tatu. Cha karatasi kimefungiwa, karatasi zake zinavunjika kama maganda ya vitunguu. Dada wa maktaba alimwambia kwa upole kabisa asubiri kiwekwe mtandaoni.

"Ngoja nielewe," alisema Trekta. "Cha karatasi husomi kwa sababu ni dhaifu, na cha kwenye kompyuta husomi kwa sababu ni imara?"

"Umeelewa."

"Basi mimi na akili yangu ya dizeli ningefaa kuwa mkurugenzi."

Nedelya hakuwa akisikiliza. Alikuwa akikitazama kituo cha basi, na nguzo ya umeme iliyo kando yake, na mlango wa nyumba ya jirani, vyote vimejaa karatasi za marehemu. Kila kifo hapa kina karatasi yake, picha na jina na tarehe, na haibandikwi mara moja tu. Inabandikwa siku ya arobaini, miezi sita, mwaka, miaka mitano, ishirini. Mume wake mwenyewe amebandikwa mara kumi na saba na ndiyo kwanza anapendeza.

"Maktaba inataka tarehe," alisema polepole. "Redio, mashine yako ya kuchapa ina wino?"

Redio, ambaye huchapa karatasi za marehemu wa kijiji chote kwenye meza ya mikate, alimtazama. Kisha akaanza kutabasamu. "Wa kumzika mwalimu? Upo."

"Hamthubutu!" alisema Paragrafu. "Huo ni ushahidi wa kughushi."

"Nani kaghushi?" Nedelya aliuliza. "Mwalimu hajafa?"

"Amekufa, bila shaka, lakini..."

"Basi tunakubaliana. Tunabishana tarehe tu. Afe lini?"

Trekta akahesabu kwa vidole. "Sabini nyuma ni hamsini na sita. Mwue hamsini na sita."

"Pumbavu!" Paragrafu hakuweza kujizuia, kosa la hesabu lilimuuma kuliko kosa la jinai. "Miaka haihesabiwi tangu siku ya kifo. Inahesabiwa tangu Januari mosi ya mwaka unaofuata. Ukimwua hamsini na sita, mama atasubiri mpaka mwakani."

"Mwakani mimi mwenyewe nitakuwa kwenye nguzo," alisema Nedelya. "Hamsini na tano je?"

"Hamsini na tano kimefunguka tangu mwaka mpya. Lakini mimi sijasema kitu. Andikeni kwamba sijasema kitu."

"Mwezi gani?" aliuliza Redio.

"Machi," alisema Trekta. "Machi watu hufa sana. Mvua."

"Ugonjwa?"

"Mapafu. Mwalimu hafi kwa tumbo."

Wakamwua mwalimu Machi, hamsini na tano, kwa mapafu, kabla kahawa haijapoa. Redio akatafuta picha yake katika picha ya zamani ya shule, akamkata kutoka kati ya wanafunzi, na saa tano karatasi ilikuwa kwenye nguzo: MIAKA SABINI NA MOJA BILA MWALIMU WETU MPENDWA. Redio akaipiga picha, akaituma maktaba kama ushahidi. Kisha, kwa kuwa yeye ni Redio, akaiweka pia kwenye ukurasa wa kijiji.

Maktaba ilijibu Jumatano. Iliwashukuru kwa waraka wao wenye thamani kubwa, na kuahidi kuuchunguza ndani ya siku sitini za kazi.

"Tamasha Jumamosi," alisema Nedelya.

"Siku za kazi," Paragrafu alisisitiza. "Jumamosi haimo."

Nedelya alirudi nyumbani akajaribu kuimba jikoni. Ubeti wa kwanza ulikuja, wa pili ukaja, nusu ya wa tatu. Kisha akasimama mbele ya sufuria, mdomo wazi, kama mtu aliyefika kwenye mto akakuta daraja limechukuliwa.

Alhamisi gari jeupe lenye namba za mjini Plovdiv lilisimama mbele ya benchi. Alishuka mwanamke wa miaka sabini hivi, kaweka nywele sawasawa, mkoba kaubana kwapani. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo, akaibandua ile karatasi, akageuka.

"Nani kamwua mjomba wangu?"

Trekta akatazama kiatu chake. Paragrafu akavua miwani, kana kwamba asipoona hataonekana.

"Naitwa Evelina Shopova. Mama yangu alikuwa dada yake Anastas Karashterev. Mjomba wangu alikufa mwaka sitini na moja! Mwezi wa Oktoba! Na si mapafu, ni moyo! Nimeona mtandaoni, nusura nifuatane naye. Kwa miaka sita alikuwa bado anafundisha, anakula, ananiletea peremende, nyie mmeshamzika!"

"Dada yangu, karibu kahawa kwanza," alisema Redio.

"Mimi si dada yako!"

Lakini Paragrafu alikuwa amerudisha miwani usoni, na macho nyuma yake yaling'aa. "Samahani, bibi. Ulisema mjomba? Wa damu? Na wengine wapo?"

"Nimebaki mimi tu. Kwa nini?"

"Mwenye hakimiliki!" Paragrafu alinong'ona, kama mwindaji aliyeona paa. "Mama Nedelya, maktaba imemtafuta huyu ikamkosa. Kajileta kwa gari lake! Yeye akitia sahihi tu, kitabu kinafunguliwa, hata bila miaka sabini. Maana sasa, kwa hesabu ya kweli, kingefunguka Januari ya mwaka thelathini na mbili."

Wakamweleza yote, wote kwa pamoja, wakikatana maneno: tamasha, beti mbili na nusu, mstatili wa kijivu, taa za barabarani. Evelina alikaa. Alikubali kahawa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Nitatia sahihi," alisema. "Sina ubaya. Lakini huyu mama aniombe msamaha kwanza. Hapa, mbele za watu."

Benchi zima likamgeukia Nedelya.

"Omba, Kengele," alisema Trekta. "Neno moja. Mimi nimemwomba mke wangu msamaha mara elfu na sijawahi kumaanisha."

"Nifikirie," alisema Nedelya.

"Ufikirie nini?" Evelina akafungua mkoba, akatoa kitabu cha kijani chenye ua, kimefungwa kwenye kitambaa. Nedelya akashika ukingo wa benchi. "Unajua mjomba alikifanyia kazi gani hiki? Alitembea kwenye theluji. Aliandika kila pumzi. Nyie bila yeye msingekuwa na kitu. Wimbo wako ni upi? Wa kitana? Sikiliza mtu anayejua kuheshimu!"

Akatafuta ukurasa, akaanza kusoma kwa sauti, kwa hasira:

"Mlima, nirudishie kitana changu,
nilikiacha kwenye theluji
nilipokuwa na nywele
na sababu ya kuzichana."

"Kusoma hadharani nako kunahitaji ruhusa ya mwenye haki," alianza Paragrafu.

"Mwenye haki ndiye anayesoma, bwege!" Redio akamziba mdomo kwa mkono.

Evelina akaendelea. Ubeti wa pili. Wa tatu, na nusu yake ile iliyopotea. Kufika wa nne hasira ilikuwa imemtoka sautini, alikuwa anasoma tu, na Nedelya midomo yake ilikuwa inatembea pamoja naye, mara nyuma kidogo, mara mbele kidogo. Wa saba alimtangulia neno zima. Trekta alishika kofia mkononi na hakujua aliivua saa ngapi. Wa tisa wanawake wawili waliusema kwa pamoja:

"Kitana chako ninacho, binti,
lakini meno yake nimeyapanda,
yameota misonobari;
njoo ujichane kwa upepo."

Nedelya akafumba macho, akapita beti zote ndani kwa ndani, moja hadi tisa. Zilikuwepo. Zote zilikaa mahali pake, kwa sauti ya mama yake.

"Umeona?" alisema Evelina, sasa taratibu. "Na hapa chini amemtaja na mwimbaji. Alikuwa mtu wa haki. Umeimbwa na Fidanka, mjane, miaka thelathini na moja."

"Na nani?" Nedelya akafumbua macho.

"Fidanka. Mjane."

"Mama yangu, mjane wa nani?"

Evelina akatazama ukurasa, kisha akamtazama yeye.

"Baba yangu alikufa mwaka themanini na moja," alisema Nedelya. "Siku mwalimu anaandika, baba alikuwa uani anapasua kuni. Kuni zenyewe ndizo zilizomkaushia mwalimu soksi. Mimi nilikuwa na miaka sita, nilimpelekea mwalimu ayran, mtindi wa kunywa, kwa mikono hii."

"Mjane!" Trekta akalipuka. "Mzee Dimo? Yule alikuwa anabeba ndama!"

"Labda ni kosa la uchapaji," alisema Evelina.

"Muda wa kulirekebisha umepita," alisema Paragrafu kupitia vidole vya Redio.

Evelina alikunja kitambaa chake, akakikunjua, akakikunja tena. Aliulizia fomu ya ruhusa ya maktaba; Redio akaichapa, akampa na kalamu. Akaishika kalamu hewani.

"Basi yaishe," alisema. "Natia sahihi. Na kule wataandika sahihisho kuhusu baba yako, nitawaambia mwenyewe. Lakini na mimi sijatoka Plovdiv kuja kunywa kahawa. Neno moja tu, mama. Moja."

"Mwambie, Kengele!" Redio alisihi. "Kitabu kizima kitafunguka!"

Nedelya alisimama, akajipangusa sketi, akaivuta skafu yake ikakaa vizuri kichwani.

"Dada, mjomba wako alimwua baba yangu miaka ishirini na tisa kabla ya siku yake, akampiga chapa kitabuni, na maktaba ikamhifadhi. Mimi mjomba wako nimemwua akiwa tayari amekufa. Tia sahihi, usitie, wimbo ninao. Msamaha siombi."