Mshale Wangu Ulio Juu na Lori la Nazi la Tembo

Munje, Msambweni
Jumanne, 9 Novemba 1965

Kwa Mzee Rai,
Msimamizi wa Harusi ya Mwanasha,
Msambweni.

Mzee wangu mheshimiwa,

Shikamoo. Anayekuandikia ni Boga, mjomba wa biarusi, mtu ambaye bila yeye Uhuru wenyewe ungechelewa huku Kwale. Hili halisemwi sana, lakini kamba ya kupandishia bendera ilikuwa ndani ya pikapu yangu, na watu wote walisimama wakiningoja mimi. Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikaacha kwa hiari yangu ili wengine nao wapate nafasi.

Nimepata habari kwamba kamati yako imeamua Ijumaa Mwanasha asipelekwe kwa mumewe Diani na gari la mjomba wake, bali na lori la yule Tembo, lile la kubebea nazi. Sababu mliyoitoa ni kuwa geji yangu ya petroli ni mbovu. Malalamiko yangu nimeyatia namba ili yasikupotee.

1. Geji si mbovu. Mshale wake unaonyesha kuwa tangi limejaa, na umeonyesha hivyo tangu Maulidi, mvua na jua, bila kuyumba. Nitajie mtu mmoja katika kamati yako mwenye msimamo kama huo.

2. Ni kweli kwamba Jumamosi, nilipokuwa nikiwaleta shangazi wanne wa bwana harusi kutoka Diani, gari lilisimama karibu na Gazi. Mshale ulikuwa juu, kwa hiyo kilichokosekana si petroli. Nilishuka nikaligonga tangi kwa vidole na kutega sikio, kama tunavyochagua nazi. Sauti haikunipendeza. Nikawaomba shangazi walitikise gari nami nilale chini nisikilize kama kuna maji ndani, yaani petroli. Walilitikisa vizuri sana, Mungu awalipe, lakini walikuwa wakicheka, na kwa kicheko kile hakuna sikio lingesikia kitu. Bi Mbodze, mkubwa wao, akaniambia mbele ya wapita njia, “Mjomba, mshale wako umeshiba, mbona gari lina njaa?” Maneno hayo yalifika Msambweni kabla yetu, kwa kuwa yaliletwa na mwenye baiskeli, nasi tulikuwa kwa miguu.

3. Sikukaa bure. Gari nililipeleka Kombani kwa fundi Mangi. Alifungua tangi, akatoa boya, kile kitu kinachoelea juu ya petroli na kupeleka habari kwa mshale. Boya zima. Akaufuata waya kutoka nyuma mpaka mbele. Waya mzima. Mwisho akaukata waya kabisa, akasema sasa mshale hauna budi kuanguka. Haukuanguka. Fundi akavua kofia, akasema, “Mjomba Boga, tangu nizaliwe sijaona.” Hayo ni maneno ya fundi, si yangu. Alitaka kufungua kioo autazame mshale kwa karibu, nikamkataza. Kioo kile ni cha heshima, hakifunguliwi ovyo.

4. Bendera yetu iko juu mwaka wa pili huu na hakuna aliyeiita mbovu. Gari hili lilipokuwa la Mzungu wa shamba la miwa, mshale ulikuwa ukishuka kila siku. Leo uko mikononi mwa mwananchi, hautaki kushuka. Kamati inayoukataa mshale wa namna hii inakataa nini kingine? Mjiulize wenyewe, mimi sisemi.

5. Lori la Tembo halina geji hata moja. Pale pa geji pana tundu, na tunduni ameweka tumbaku. Yaani mmemwacha mtu mwenye habari njema mkamchukua mtu asiye na habari yoyote.

6. Makumbi ya nazi yanawasha.

Mzee Rai, Mwanasha alipougua surua nilimbeba mgongoni kutoka hapa Munje mpaka hospitali, akinitapikia shingoni. Wakati huo sikuwa na gari. Nilipolinunua hili nilimwambia mama yake, dada yangu Mwanapili, kuwa siku ya kuolewa mtoto huyu ataketi mbele, kando ya mjomba wake. Kiti hicho hakijakaliwa na kuku wala gunia.

Kwa hiyo naomba lori lirudi kwenye nazi zake, na Bi Mbodze auombe radhi mshale. Ikishindikana, harusi isogezwe mbele mpaka Bunge likae na kuamua nani mkweli.

Nisalimie Mwanapili, biarusi, wapishi wote na wapiga ngoma. Tembo naye msalimie, ila iwe salamu fupi.

Ni mimi, katika haki na katika petroli,
Boga wa Munje, mwenye gari

Nyongeza: Hili lisome peke yako. Mshale niliugandisha mimi, kwa ulimbo wa fenesi, ule wa kunasia ndege, kwa sababu abiria walikuwa wakiutazama kabla hawajanisalimu. Kipimo changu cha kweli kilikuwa uti mmoja wa chelewa, ule wa jani la mnazi, wenye alama tatu za kisu. Kila alfajiri niliutumbukiza tangini, nikaona umelowa mpaka wapi. Wiki iliyopita mke wangu Sidi aliukuta dirishani, akaufunga pamoja na chelewa nyingine akafanya ufagio. Jumamosi niliutafuta sikuuona, na shangazi walikuwa wakingoja. Basi nikautazama mshale wangu, nikauamini. Ufagio huo Sidi amemtunza Mwanasha, zawadi ya harusi, uko hapo kwenu pamoja na mikeka. Tafadhali asiufagilie. Mwambie aufungue taratibu, anitafutie uti unaonuka petroli. Kesho nitakuja kuuchukua, kwa miguu.