Kioo Juu ya Ufa

Jumatatu, 3 Machi
Mwanangu ndiye atakayeamua kama jumba letu libaki au lihamwe! Mwanangu! Injinia! Huyu huyu niliyembeba mgongoni! Salamu baadaye, daftari langu.

Jumba lenyewe ndilo hili, lina miaka mia na ushee, limebanwa katikati ya barabara mbili. Nyuma ni pana, mbele limechongoka kama pasi. Mimi niko ghorofa ya tatu, kwenye ncha yenyewe. Miaka thelathini na mmoja! Ukutani kuna ufa. Mdogo tu. Kidole kinaingia.

Injinia wangu amebandika kipande cha kioo juu ya ufa, akaandika tarehe. Kasema kikifika Ijumaa kizima, ukuta umetulia. Kikivunjika, ukuta unatembea, nasi tutoke. Kasema mama, usikiguse. Nikamuuliza kwani mimi mtoto?

Jumanne, 4 Machi
Kimevunjika! Saa mbili asubuhi, ta! Nihamie wapi? Na mwanangu, kazi yake ya kwanza, aanze kwa kumtoa mamake nje?

Nimechomoa kioo cha picha yangu ya harusi. Marehemu mume wangu hatanuna. Fundi vioo kakikata vipande vitano. Nimebandika kimoja, nikaandika tarehe ya jana kwa mwandiko wa mwanangu. Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko! Mwenyewe nilidanganyika.

Jumatano, 5 Machi
Kimevunjika tena. Nimebandika kingine.

Fundi cherehani wa chini yangu kapanda. Hatuivi tangu aseme mapazia yangu yamepinda. Kauliza kama kioo changu ni kizima, maana chake, alichobandikiwa na Injinia kwenye ufa huu huu, kimepasuka. Nikamwambia jirani, ni cherehani yako hiyo inayotikisa nyumba. Akashuka kimya. Simwamini mtu anayeshuka kimya.

Alhamisi, 6 Machi
Viwili kwa siku moja! Mchanga unadondoka kwenye chai. Kimebaki kimoja. Natembea kwa ncha za vidole.

Ijumaa, 7 Machi
Injinia kaja na wakubwa wake wawili. Kioo kizima! Nikasimama kando nikiwa nimependeza kama mama wa bibi harusi. Kalamu ya kutia sahihi ilishatoka mfukoni mwake, ndipo fundi cherehani akaingia na vipande vyake kwenye sahani.

Mwanangu akatazama sahani, akatazama ukuta, akanitazama mimi. Akauliza mama, umebadilisha vingapi? Nikasema vingapi vipi? Hapo hapo kioo kikajijibia: ta!

Akalia mbele ya wakubwa wake. Akasema mama, ukuta ungekuangukia usingizini, kwa sahihi yangu.

Nikampangusa machozi kwa kanga, na aliyemliza nani? Mimi!

Kaandika ukweli wote, hata vioo vyangu. Jumba halivunjwi, litawekewa nguzo za chuma. Wa kwenye ncha tutoke leo leo. Nimepewa hifadhi chumba cha nyuma. Cha nani? Cha fundi cherehani! Kumbe cha mbele alikuwa anashonea tu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimewaza sana, kosa langu nimeliona. Vioo vilikuwa vyembamba.

Lakini jumba limeokolewa na nani? Na mwanangu! Watu wasione? Mlango wangu kaufunga kwa utepe mwekundu, asiingie mtu. Nimeujaribu. Unabanduka vizuri, na unarudi vizuri. Nimewaita shangazi zake, wajomba zake, na kikundi chetu chote cha akina mama, tupige picha dirishani. Tutaingia kwa zamu, wembamba kwanza. Injinia nimemwambia ni chai tu. Wote waje kesho, Jumapili, saa nane kamili.