Daktari wa Udongo wa Atlabara

Fursa ilimjia Laku akiwa ameketi kwenye kibanda cha kucha cha dada aitwaye Night, kule Kator, mjini Juba, amekwenda kununua asetoni, ile dawa ya kufuta rangi ya kucha. Night alikuwa akimweleza mteja kwamba anatafuta kiwanja cha kuchimba kisima, kwa sababu saluni bila maji ni sawa na kanisa bila sadaka. Laku hakugeuza shingo. Mtu wa kazi yake husikiliza kwa kisogo.

Huyu Laku aliwahi kufagia maabara moja huko Kampala kwa miezi minne. Alirudi Juba na koti jeupe, ambalo hakupewa, na elimu, ambayo pia hakupewa. Kwa hiyo Night alipomuuliza asetoni yote hiyo ni ya kucha za nani, alimfundisha bure. Mafuta yaliyozama ardhini, alisema, hayaitiki yakiitwa na maji. Udongo hukaushwa kwanza. Kisha hutiwa asetoni, ipenye hata unyevu uliobaki, pamoja na heksani, iyabebe mafuta yatoke nje. Ukikosea kuchagua kiyeyusho, hata pipa la dizeli litakuapia kuwa ni safi. Night alipuliza kucha za mteja wake, akasema amesikia.

Kesho yake Laku alikuwa mtaa wa Atlabara kwa Mama Teresina, mjane aliyekuwa akiuza kiwanja kilichokuwa yadi ya jenereta zamani. Juu palikuwa na udongo mwekundu, umesawazishwa kama kitanda cha mgeni. Laku aliinama akanusa. Haukunuka chochote. Jambo hilo lilimsikitisha, maana ardhi safi haiuzwi kwa bei ya kutupa.

Akavaa koti. Ndani ya chupa yake ya kahawia alikwisha kutia kijiko cha oili chafu ya pikipiki. Akaongeza udongo wa Teresina, asetoni na heksani, akatikisa kwa uso wa msibani, akamimina kwenye sahani nyeupe. Kikatoka kitu cheusi.

"Mama, ardhi yako ni mgonjwa."

"Mgonjwa sana?"

"Hata mchicha ukiota hapa utakohoa."

Teresina alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Sasa mimi iko mjane. Mgonjwa hii nani atachukua?"

Laku, kwa huruma, akakubali kumtua mzigo. Alitoa pikipiki yake na mabati arobaini aliyokuwa akiyaweka kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe. Mali nyingine hakuwa nayo duniani. Teresina aliomba kitu kimoja tu: kwa kuwa kiwanja huuzwa mbele ya sultani, yaani mkuu wa mtaa, na mashahidi, daktari aandike majibu ya kipimo, yashonwe pamoja na hati ya mauzo, wanawe wasije wakasema mama yao alificha kitu. Laku aliandika kwa mwandiko mzuri, hata akagonga muhuri, aliouchonga kwenye soli ya kandambili.

Wiki iliyofuata alimleta Night kukiona kiwanja. Safari hii alitia udongo kwenye glasi ya maji. Akakoroga, akasubiri utuame, akainua glasi juani. Maji yalikuwa meupe.

"Safi," alisema. "Hata mtoto anabatizwa."

Night hakubisha. Aliazima jembe kwa jirani, akachimba shimo la kuzamisha mkono mpaka kiwiko. Udongo mwekundu ulikoma ghafla, kama mahubiri mvua inapoanza. Chini yake ulikuwa mweusi. Aliuanika kiganja kimoja kwenye bati, akanywa soda taratibu mpaka udongo ukakauka, Laku akisifu majirani muda wote. Kisha akatoa chupa ya asetoni kwenye mkoba, akatia udongo na asetoni ndani ya kikombe, akatikisa, akamimina kwenye kisosi. Ikatoka rangi ya chai ya rangi. Asetoni ikapaa, na juu ya kisosi likabaki duara la mafuta, linanuka dizeli.

"Kaka Laku," alisema, akifunga mkoba, "ulinifundisha vizuri."

Laku alimkuta Teresina kule Kator, amesimama chini ya paa jipya. Fundi alikuwa juu, anapigilia bati la thelathini na tisa. Laku alimwambia kwamba ule udongo mwekundu uliletwa na lori.

"Malori mawili," Teresina alisahihisha.

Laku akasema anakwenda kwa sultani, basi. Teresina akatoa karatasi iliyoshonwa kwa uzi, akaisoma polepole, kidole kikifuata maneno: "Udongo huu umejaa mafuta hadi chini. Haufai kwa kisima. Nimepima mwenyewe. Daktari Laku." Akamwonyesha muhuri.

"Watu walisema wewe iko mwongo," alimwambia kwa heshima. "Mimi nilikataa. Kila kitu uliandika ni kweli."

Pikipiki ilikuwa imeegeshwa ukutani, imeoshwa. Laku akaanza kuondoka kwa miguu.

"Yaa daktari," Teresina alimwita. "Bati hii moja iko na doa ya lami. Natoa na maji, ama na ile dawa yako?"

Laku aligeuka.

"Asetoni," alisema.