Redio ya Waya na Karai la Bi Zamda

Habari ililetwa na Kifungu, maana mtu huyo hata mvua ikinyesha alitaka yeye ndiye aitangaze. Jina lake la ubatizo ni Damas, karani wa mahakama ya mtemi, lakini kwa kuwa hawezi kuomba hata chumvi bila kutaja kifungu cha sheria, mtaa mzima wa Kanyenye ulimwita hivyo. Ijumaa hiyo, mwaka wa tano wa vita vya Hitla, alifika kwenye benchi la kahawa mbio mbio, karatasi mkononi, kofia imekaa upande.

"Nyamazeni nyote! Hili ni tangazo la bomani, si porojo."

"Soma, lakini usianze na tarehe," alisema Kashata, muuza kahawa, akigonganisha vikombe vyake.

"Tarehe ndiyo roho ya hati, bwana."

"Basi toa roho, utupe mwili."

Kifungu akakohoa kihakimu. Kesho Jumamosi, saa kumi na nusu jioni, redio ya Nairobi itatoa salamu za askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, walioko vitani ng'ambo, Bama, kila askari kwa sauti yake mwenyewe, nusu dakika. Wa Tabora ni wawili. Mmoja wa Isevya. "Na wa pili ni Yahaya bin Zuberi, wa Kanyenye."

Hatua tano kutoka benchi, Bi Zamda alikuwa akikanda unga wa maandazi ndani ya karai lake kubwa. Mikono ikasimama humo humo kwenye unga.

"Damas, baba, rudia hapo."

"Yahaya bin Zuberi, wa Kanyenye."

"Mwanangu?"

"Kwa mujibu wa hati hii, ndiye."

Barua ya mwisho ya Yahaya ilifika wakati wa kupanda mahindi. Sasa mahindi yamevunwa, yamepukuchuliwa, mengine yameshakuwa pombe na pombe imeshanywewa, na kijana hajaandika hata mstari. Kijiwe kile kilitania kila kitu, ndoa za watu, mazishi, hata upara wa imamu, lakini hilo la Yahaya hakuna aliyewahi kuligusa.

"Sasa mimi nitamsikilizia wapi?" akauliza Bi Zamda. "Redio ziko kwa Wazungu na kwa Wahindi wawili watatu. Nani atanikaribisha sebuleni na mafuta yangu haya?"

Hapo macho yote yakamgeukia Wenceslaus. Yeye walimwita Waya, kwa sababu alitumia miaka ishirini kutengeneza nyaya za simu kando ya reli, Tabora mpaka Kigoma, na alipostaafu akaamua kuunda redio. Aliiunda mwenyewe, ya globu mbili za kioo zinazowaka zikipokea sauti, na betri ya asidi, ndani ya sanduku la chai. Spika haikuwa nayo. Ilikuwa na vile viwili vya kuvaa masikioni, ambavyo kijiwe kilivibatiza "masikio," na waya wake ulikuwa mfupi, urefu wa mkono tu. Nyumba yake ndiyo hiyo iliyokuwa nyuma ya benchi.

Waya alikuwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kuahidi. "Mama, kesho utamsikia," akasema, na kifua kikapanda. "Nikikudanganya, uniite mwongo mbele ya padri."

"Maneno hayo yameandikwa," alisema Kifungu.

"Wapi?"

"Hapa," akajigonga kichwani.

Jioni ile ile wakaingia kwa Waya kuijaribu. Waya akavaa masikio, akazungusha kitufe taratibu, akatabasamu. "Nairobi hiyo! Safi kama maji ya mtungi."

"Sisi tutajuaje?" alisema Kashata. "Mtu mwenye masikio ni wewe tu, na shahidi ni wewe tu."

"Yaweke ndani ya chombo," alisema Masolwa, mzee mnene ambaye jina lake la kijiweni lilikuwa Pembe. "Sauti ikiingia kwenye chombo inakua. Sisi kwenye misafara tulikuwa tunasemea ndani ya sufuria, wa Bagamoyo anasikia."

"Uongo wako nao una miguu!" alisema Kashata.

Lakini rai haikuwa mbaya. Wakaazima karai la Bi Zamda, wakaliweka mezani kando ya redio, wakatumbukiza masikio humo ndani. Sauti ikatoka kweli, nyembamba, ya bwana mmoja akisema habari za bei ya pamba. Wakapiga makofi. Hawakumaliza kupiga, redio ikaanza kuguna, ikavuma, kisha ikatoa mluzi mkali uliowapeleka kuku uani. Bei ya pamba haikusikika tena.

"Mayo wane! Mama yangu!" alimaka Pembe, akashika kiuno. "Mnaujua huo ni nini? Nyumba hii imejengwa juu ya njia ya msafara. Nimepita hapa hapa na pembe ya ndovu begani, pembe ndefu, ncha imefika Ujiji mimi mwenyewe bado niko Tabora. Wapagazi wengi walikufa njiani. Hilo ni barugumu la kirangozi, kiongozi wa msafara wao."

"Jini gani anangoja globu za Waya miaka yote hiyo?" alisema Kashata. "Ni waya wa ardhini. Kiangazi hiki ardhi imekauka kama mfupa. Mpe maji."

Wakaumwagia waya wa ardhini debe zima. Mluzi ukazidi.

"Ameshiba, sasa anaimba," alisema Pembe.

Waya alikaza kila skrubu, akasugua vyuma vya betri kwa limau, akaushusha waya wa juu ya mlingoti wa mianzi na kuupandisha upya. Kila akivaa masikio, safi. Kila akiyarudisha kwenye karai ili wenzake wasikie, mluzi. Akahisi jasho likimteremka mgongoni. Hakuogopa kuchekwa, kuchekwa alikuzoea. Alimwogopa yule mama aliyesimama mlangoni kimya, mikono imekauka unga, anaangalia sanduku la chai kana kwamba mwanawe yumo ndani.

Jumamosi, saa tisa na nusu, wakarudi. Redio ikapiga mluzi ule ule. Betri nayo ilikuwa imebaki kidogo, imeliwa na makelele ya jana, na hakuna pa kuijaza mpaka Jumatatu.

Kifungu akasimama, akafunga koti. "Kabla ya kumshitaki jini, tuwachunguze walio hai. Redio ikiwa na Waya peke yake hailii. Tukiingia sisi, inalia. Basi mkosaji ni mmoja wetu. Tutoke mmoja mmoja."

"Aanze Pembe," alisema Kashata. "Tumbo lile peke yake ni mkutano."

Pembe akatoka, akinung'unika kwamba enzi za Mdachi mzee hafukuzwi. Mluzi. Akatoka Kashata na vikombe vyake. Mluzi. Kifungu akatangaza kwamba mwenyekiti wa uchunguzi hahusiki, lakini Bi Zamda akamshika bega akamgeuza mlangoni. Mluzi ule ule.

"Sasa amebaki mshitakiwa wa mwisho!" alipaza sauti Kifungu kutoka nje, kichwa kimeingia dirishani. "Bi Zamda, kwa heshima zote, toka."

"Nitoke? Anakuja mwanangu nitoke?"

"Kwa dakika moja tu, mama, shikamoo."

"Marahaba, na sitoki. Waya, baba, saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika ishirini," alisema Waya, na sauti yake mwenyewe ilimsaliti.

Bi Zamda akamtazama. Akaona hana jipya. Akashusha pumzi, akafunga kanga vizuri kiunoni. "Haya. Kama hamjui, hamjui. Nipeni karai langu nikakande unga wa watu. Nikikaa hapa bure nitalia, na mimi mbele ya hawa watatu silii."

Akayatoa masikio, akayabwaga mezani, akalinyanyua karai.

Kimya. Na ndani ya kile kimya, kutoka mle masikioni, sauti ndogo ya mtu ikisema Kiswahili, safi, haina hata mkwaruzo.

"Usiondoke!" Waya aliruka. "Rudisha karai!" Akarudisha. Mluzi. "Ondoa!" Akaondoa. Kimya.

"Nilisema mimi!" Pembe alikuwa ameshaingia. "Shetani yumo kwenye karai! Ndiyo maana maandazi yake mtu akila moja hawezi kuacha!"

Waya hakumsikiliza. Aliigonga globu moja kwa kucha, tii, na ile tii ikasikika masikioni kubwa kama kengele ya kanisa. Akacheka peke yake kama mwehu. "Toba, nimekuwa mjinga! Globu hii inasikia! Ukiigusa inasema. Sasa sikilizeni: masikio yanasema, karai linaikuza sauti, sauti inatikisa meza, meza inaitikisa globu, globu inaisikia sauti yake na kuisema tena kwa nguvu zaidi. Inazunguka hivyo hivyo mpaka inakuwa ukelele."

"Yaani inajisikia yenyewe ikisema, inapenda, inaongeza?" aliuliza Kashata.

"Ndiyo."

"Basi si redio hiyo. Ni Kifungu."

"Nikivaa mimi," aliendelea Waya, "sauti inaishia kichwani mwangu, haifiki mezani. Dawa ni moja. Karai lisiwepo. Avae mtu mmoja, na wengine msikanyage, msiguse meza, msikohoe."

"Masikio ni mawili," alisema Kifungu upesi. "Moja la mama. La pili lichukuliwe na mtu anayejua kuandika, kwa ajili ya kumbukumbu."

"La pili la mzee," alisema Pembe.

"La mwenye benchi," alisema Kashata.

Bi Zamda alikuwa ameshakaa. Akalichukua la kulia akaweka kulia, la kushoto akaweka kushoto, akashusha ushungi juu yake. "Nimezaa kwa uchungu mmoja, nitasikia kwa masikio mawili. Nyamazeni."

Wakanyamaza. Tangu Mdachi aondoke Tabora, watu hao hawajawahi kunyamaza pamoja. Pembe alibana chafya mpaka macho yakamtoka. Waya alikuwa upande wa nyuma wa sanduku, mahali ambapo yeye tu aliziona globu zikiwaka wekundu hafifu, na uso wa mama akauona vizuri.

Wakapita askari wengine. Bi Zamda akatikisa kichwa: siye. Siye. Kisha mkono wake ukashika ukingo wa meza. Midomo ikafunguka. Hakusema kitu, machozi yalishuka tu, mawili, matatu, yakaingia kwenye ushungi, na yeye akatabasamu huku yanashuka. Waya naye akajikuta anafuta pua kwa mkono wa shati. Alifurahi kuliko siku aliyopata ile kazi ya reli.

Alipotazama tena globu, zilikuwa nyeusi. Betri imekata roho.

Akafungua mdomo aseme. Lakini Bi Zamda hakuyavua masikio. Aliyakandamiza, akainamisha kichwa kama anayezidi kusikiliza.

"Anasema nini? Anasema nini?" Kashata alishindwa.

"Ngoja. Anakutaja wewe."

"Mimi?"

"Anasema Mussa wa kahawa aache kumwaga machicha mlangoni kwangu. Nimeteleza mara mbili."

"Lo! Amejuaje, yuko Bama?"

"Mtoto hujua. Ngoja... Mzee Masolwa naye ametajwa, kwa jina la baba yake. Anasema shikamoo, na andazi la kuonja ni moja kwa siku. Si manne."

Pembe akavua kofia. "Marahaba, mwanangu," akaijibu redio kwa adabu. "Moja, nimesikia."

"Damas anaambiwa aniandikie barua ya jibu leo leo, na aandike maneno yangu, si yake. Na ule uzio wangu ulioinama, ninyi watatu mnausimamisha kabla ya magharibi."

Kifungu akakunja uso. Karani ni karani. "Bi Zamda, samahani. Hati ilisema nusu dakika kwa kila askari. Hii sasa inakwenda robo saa."

"Yahaya anasema haraka."

"Nitamuuliza mtaalamu. Waya! Kwa kiapo. Redio bado inasema?"

Waya akatazama globu. Akamtazama Bi Zamda. Bi Zamda naye akamtazama, jicho kavu sasa, kali, halafu akainua kidole.

"Subiri, Damas. Na fundi pia ametajwa. Lakini naona Yahaya anangoja kwanza fundi akujibu."

Waya akaweka mkono juu ya sanduku.

"Inasema," alisema. "Tena leo ina nguvu."

"Anasema," aliendelea mama bila kupepesa, "fundi huyu ni mtu wa maana, na aheshimiwe."

Hapo hapakuwa na rufaa. Kashata alitoka na ufagio kuzoa machicha. Pembe akafuata kutafuta fito za uzio, akimweleza kila aliyepita njiani kwamba ametajwa kwenye redio kwa jina la baba yake. Kifungu akaenda kuleta kalamu na wino.

Bi Zamda akayavua masikio polepole, akayalaza mezani.

"Imezimika lini, baba?"

"Wewe ndiye unajua, mama. Alikuwa amefika wapi?"

"Alisema: 'Mama, shikamoo. Mimi mzima. Mkono uliumia, sasa unapona, ndiyo maana sikuandika.' Halafu kimya."

"Basi hapo hapo."

"Hapo hapo panatosha," akasema. Akalichukua karai lake, akaliweka kiunoni.

Kifungu akaingia, akakaa kwenye ngazi, karatasi gotini, kalamu imeshalowa.

"Bi Zamda, niko tayari. Maneno yako, si yangu. Nianzeje?"

"Andika: Mwanangu Yahaya, marahaba. Yote uliyoagiza yametekelezwa."